Karatasi ya Jeshi ya Babu Anselmo

Palo Blanco, Texas
9 Machi 2013

Mpendwa mjukuu wangu Maricela,

Pokea salamu, ingawa hustahili: tangu Krismasi hujaniandikia hata mstari mmoja. Hujambo? Huko Alaska bado mnaganda? Mimi mzima, ila magoti yananigombeza.

Kodi ya nyumba inayodaiwa na wilaya nusura initoe roho. Mjane wa askari aliyelemazwa vitani husamehewa, lakini lazima athibitishe. Nilipeleka kwenye jengo la wilaya cheti cha ndoa, cha kifo na barua ya ulemavu. Binti wa dirishani akasema, "Bado karatasi ya kuachishwa jeshi, bibi." Nikamwambia ilikwenda na mafuriko. "Basi iandikie serikali, ungoje." Ningoje vipi, na tangazo la mnada liko mezani kwangu! Nyumba aliyoijenga babu yako kwa mguu mmoja!

Nikaketi kwenye benchi nikalia kwa hasira. Usimwambie mtu.

Hapo nikakumbuka 1969. Tulikuja jengo hilohilo kuchukua kibali cha ndoa, Anselmo na magongo yake, sare imenyooshwa pasi, mimi na gauni la kuazima. Mama yake akatuzuia mlangoni: "Hakuna harusi mpaka karatasi ya jeshi inakiliwe kwenye kitabu cha wilaya. Ya nyumbani italiwa na panya." Anselmo akapanda ngazi zote, hataki kushikwa. Siku ile nilimchukia mama mkwe. Mungu amrehemu, mjinga nilikuwa mimi.

Nikarudi dirishani. "Vitabu vya zamani viko wapi?"

"Ghorofani, bibi, lakini..."

"Hiyo lakini kaa nayo. Twende."

Tulitafuta saa nzima. Kitabu kikatoka, na Anselmo wangu ndani: sahihi yake, urefu wake, jeraha lake. Binti akauliza kama nimeolewa tena, maana aliyeolewa hasamehewi. "Kwani kuna mwanamume amebaki?" Akacheka mpaka wenzake wakageuka. Kisha akagonga mhuri. Nyumba ni yetu.

Nimekuwekea nakala humu. Itunze, usiwekee kikombe cha kahawa. Jeshi limeandika macho yake ni kahawia. Waongo. Nimeyatazama miaka arobaini na mitatu: yalikuwa ya asali, na akishika kodiani kupiga wimbo yalikuwa yanacheka kabla ya mdomo.

Msalimie mumeo Tobías, na umbusu Nélida mdogo. Mama Bikira wa mbinguni awafunike kwa shela yake, na wewe akupe kalamu.

Bibi yako akupendaye hata akikugombeza,
Ofelia