Zizi la Kapita

Jumatano, 3 Juni 1953

Madume wameanza kugombea majike. Tangu asubuhi Kapita anasugua pembe kwenye nguzo za zizi, anachimba ardhi kwa kwato, shingo imemvimba. Mbawala huyu nilimnywesha maziwa kwa chupa mimi mwenyewe, mama yake alipokufa kwenye wavu wa wawindaji. Nilimpa jina la Kapita kwa sababu anawaamrisha wenzake kama wale makapita, wasimamizi wa pamba. Leo amenitazama kana kwamba hatujawahi kuonana. Majike wamemtia wazimu.

Basi nimehamisha mkeka. Nitalala kibandani, kando ya zizi, mpaka msimu uishe. Ndivyo walivyofanya wawindaji wetu, na ndivyo ninavyofanya: mwenye kushughulika na madume wakati huu hakaribii mke. Dume akisikia harufu ya mwanamke mwilini mwako anakuhesabu mshindani wake, anakupiga. Mzungu mwenye shamba na zizi hili anacheka, anasema ni mambo ya kishenzi. Yeye haingii zizini!

Sidonie, mke wangu, amenifungia mkeka bila neno. Ule ukimya sikuupenda. Mke mwingine angenung'unika kidogo.

Jumamosi, 6 Juni

Mzungu ameleta mtu mpya. Bulaimu, wa Kabambare, eti hodari wa kamba. Kijana, mrefu, meno yote yapo. Ananiita yaya, kaka mkubwa. Mimi sina mdogo Kabambare.

Hana mke, kwa hiyo anaweza kulala popote, hana la kuogopa. Na wamempa nyumba gani? Ile inayopakana na yangu! Mimi kibandani na mbu, yeye ukuta kwa ukuta na mke wangu. Ningemwambia nini Mzungu? Roho ikaniuma mpaka jioni.

Kazi anaijua, sikatai. Tumeanza kukata ncha za pembe za madume wadogo, wasitoboane. Yeye anatupa kamba kwenye pembe na kukivuta kichwa mpaka kwenye nguzo. Mimi niko nyuma, karibu na mgongo wake, na mlango wa zamani wa depo, lile ghala la pamba, mzito, wa kumkinga yeye mnyama akigeuka. Kapita tutamkata mwisho. Mzungu anasema dume aliyelelewa kwa chupa ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu hamwogopi mtu. Nilimjibu moyoni tu: humjui Kapita wangu.

Halafu nikaona jambo. Bulaimu alimnyooshea Kapita majani ya viazi kupitia kwenye nguzo, na Kapita akala. Mkononi mwake! Na mimi jana alinifukuza.

Jumapili, 7 Juni

Misa. Sidonie alikaa upande wa wanawake, amevaa kikwembe cha maua, kile cha ndoa. Kwa ajili ya nani? Mimi natoka zizini nanuka mkojo wa mbawala, kwa ajili yangu si kweli.

Bulaimu ni Mwislamu, haingii kanisani. Lakini tulipotoka alikuwa barabarani — anapita tu. Alimsalimia Sidonie, akamwita shemeji. Shemeji! Na Sidonie akacheka, mkono mdomoni. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Tangu tufunge ndoa hatujapata mtoto, mimba mbili zimetoka, na mama yangu hafichi tena maneno yake. Nyumbani kwetu kicheko kimekuwa adimu kama chumvi. Sasa amekipata wapi?

Jumanne, 9 Juni

Marcelline, mke wa mpishi wa Mzungu, alipita kibandani. Aliapa hatanieleza kitu. Kisha akaeleza yote. Amewaona Sidonie na Bulaimu nyuma ya depo ya pamba, wanasema kwa sauti ya chini. Sidonie analia. Bulaimu anaitikia kwa kichwa.

"Mimi sisemi kitu," aliniambia. "Lakini mutu na bibi ya mwenzake, nyuma ya depo, iko nini?"

Adhuhuri Sidonie alileta chakula, akakiweka mbali, kama desturi inavyotaka. Nikamuuliza habari za kambi ya wafanyakazi. Akasema hakuna. Hakuna! Nilimpa Kapita ugali wote, naye hakuutaka.

Nina wivu. Nauandika hapa maana sina wa kumwambia. Nikifumba macho naona ile depo.

Ijumaa, 12 Juni

Kesho ni zamu ya Kapita. Bulaimu alikuja mwenyewe kibandani, akachuchumaa, akaangalia chini.

"Yaya, kesho huyu mukubwa uniachie mimi. Wewe ubakie inje. Nitatafuta mutu mwingine wa kushika mulango."

Kwa hiyo si mke tu. Anataka na mnyama wangu, na nafasi yangu, na nibaki nje kama mgeni! Nilimwambia mlango ni wa kwangu. Akasisitiza. Nikakataa tena. Aliondoka ana huzuni, au anaigiza.

Baada ya hapo nikatulia ajabu. Bulaimu kesho anaingia kwa Kapita. Kama amemgusa mke wangu, Kapita atamsikia harufu. Sihitaji padri, sihitaji baraza la chefu, mtawala wa kijiji. Mimi nitashika mlango wangu, lakini sitamsogelea sana. Mnyama apewe nafasi ya kusema.

Jumamosi, 13 Juni

Amesema.

Kamba iliingia vizuri kwenye pembe. Bulaimu alivuta, Kapita akafuata kama kondoo, nikaona aibu ya kumshuku Bulaimu. Karibu na nguzo Kapita akajirusha, kamba ikalegea, akageuka. Hapo ndipo mlango unapotakiwa. Nafasi yangu ni mgongoni kwa Bulaimu kabisa. Mimi nilikuwa nyuma hatua kadhaa, nimeusimamisha mlango chini. Nikangoja. Si muda mrefu. Pembe ikaingia pajani.

Ndipo nikauleta mlango, nikamsukuma Kapita, nikamtoa Bulaimu. Damu nyingi. Na mimi moyoni nasema: basi ni kweli, basi ni kweli.

Wamembeba mpaka dispansari ya shamba. Sidonie alikuja mbio kutoka kambini. Alinipita. Hakuniuliza kama nimeumia.

Jumapili, 14 Juni

Sikwenda misa. Sidonie ameingia kibandani, ndani kabisa, desturi au si desturi. Hakukaa.

"Bwana, niko na mimba. Iliingia mbele ya wewe kuhamia huku."

Nilidhani ananidanganya. Akaendelea. Aliogopa kusema mapema, isitoke kama zile nyingine. Na kila mtu huku anajua kwamba mume wa mwenye mimba hasimami mbele ya dume mwenye pembe msimu huu. Dume anaona watu wawili ndani ya mmoja, anawapiga wote. Angeniambia, ningeingia vilevile, kwa ajili ya kiburi changu na Kapita. Ananijua. Ndiyo maana alimlilia Bulaimu nyuma ya depo.

"Nilimuomba akuweke inje, yeye abakie na huyu dume. Akakubali. Wewe ulikuwa wapi na mulango?"

Nikasema kamba ililegea. Akasema hakuniuliza juu ya kamba. Kisha akachukua sufuria yake ya uji aliyoiacha mlangoni, akaenda dispansari.

Mtoto! Nilipaswa kucheza. Nimejaribu kufurahi, na kweli nimefurahi, machozi yamenitoka hapa peke yangu. Muuguzi alipita, akasema homa imempanda Bulaimu, mguu haujulikani kama utapona, na anamwomba yaya wake afike. Anasema yaya asijilaumu, mnyama alikuwa mwepesi. Nimejibu nitakuja.

Namwamini Sidonie. Kila neno. Bulaimu hakumgusa, nimekubali, ningeapa kanisani.

Lakini alimwambia yeye kwanza. Mtoto ni wangu, na mtu wa Kabambare alijua kabla yangu! Machozi yale ya nyuma ya depo yalikuwa yangu, kayamwaga kwingine.

Kutoka hapa naona mlango wa dispansari. Sidonie ameingia, hajatoka. Mgonjwa hana mama hapa, lazima alishwe na mtu, najua. Najua. Nimekwisha kuvaa shati niende kumwona, nimelivua tena.

Sufuria moja ya uji hailiwi muda wote huu.