Muthokoi wa Mtoto wa Jukwaani

Mowlem, 14 Aprili 1996

Kwako Mutunga, ndugu yangu msanii,

Sisi wazima, na kuku wa Mama ameangua vifaranga sita.

Jumamosi tulikuja kutazama mchezo uliotungwa kutoka kitabu ulichoandika kuhusu utoto wako. Kumbe ulilelewa na mlevi aliyekula peke yake, wewe ukilala njaa! Mama huyuhuyu, aliyekutwangia mahindi ya muthokoi hadi viganja vikachubuka? Wakakupigia makofi, nawe ukainama kama mtakatifu. Huna haya hata kidogo.

Bahati yako mchezo ulikuwa wa Kiingereza, Mama akaelewa vitendo tu. Alilia. Hadi leo ananiuliza yule mtoto aliyekuigiza anakaa mtaa gani. Ameshamtwangia muthokoi.

Ni mimi dadako,
Kalekye