Cherehani Ulichokikata kwa Kisu

Mpendwa dada yangu Mkamburi,

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu uvumi uliokuhusu ulienea hadharani. Kutoka Wusi hadi Mwatate watu walisimuliana kwamba marehemu Mkamburi ameacha utajiri ndani ya cherehani chake. Walioyasikia hayo wana haki ya kusikia mwisho wake, nawe unayo haki hiyo kuliko wote.

Siku uliyokileta nyumbani mimi sikuwapo, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Nilikuwa chuo cha ualimu. Niliporudi likizo nilikikuta juu ya meza ya marehemu baba, cheusi, kina maua ya rangi ya dhahabu ubavuni, nawe umekifunika kwa leso kama mtoto aliyelala. Nilikuuliza umekipata wapi. Ulinionyesha viganja vyako, vimejaa makovu ya miiba, ukasema, "Nimekikata kwa kisu." Wakati ule ulikuwa ukikata mkonge katika shamba kubwa la kule Mwatate. Sikuuliza zaidi.

Kwa cherehani hicho ulinishonea suruali yangu ya kwanza ya kazi. Uliacha kitambaa kingi kiunoni, nami nikalalamika kwamba si kazi safi. "Mwalimu hunenepa," ulinijibu bila kuinua macho, "na mimi sitaki kushona mara mbili." Miaka mingi baadaye uliifumua mishono yake, ukaitoa ile akiba ya kitambaa, na suruali ikanitosha. Ulinitazama tumbo tu.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada ya matanga yako.

Tulikaa uani kwako kugawa vitu kwa ada ya nyumba yetu, ambayo unaijua: kilichotoka kwa baba huwarudia ndugu wote, na kilichotoka katika mkono wa mwanamke humwendea binti yake. Hatukutarajia ubishi. Tangu macho yako yalipofifia, binti yako Wakesho ndiye aliyekuwa akishona, na watoto wake wanakula na kusoma kwa kazi hiyo. Lakini mdogo wetu Mwadime alikuja na habari kutoka mjini. Alisema kwamba vyerehani vya zamani vina zebaki nyekundu ndani ya sindano, kitu ghali kuliko dhahabu, na kwamba yuko mnunuzi Voi anayetoa bei ya shamba zima kwa kimoja. Dalili yake ni hii: simu ikisogezwa karibu na sindano, mtandao hupotea.

"Hii cherehani iko nayo," alisema. "Ngojeni muone."

Alisogeza simu yake. Vijiti vya mtandao vikatoweka kimoja baada ya kingine, na watu wote wakasogea kuona. Hata mimi nilisogea, ingawa najua kwamba hapo kwako, nyuma ya kilima, simu hupoteza mtandao hata ukiisogeza karibu na sufuria ya kunde. Aliyekwisha kuota shamba hakumbuki kilima.

Kisha Mwadime akalisugua kwa kidole bamba dogo la shaba lililo ubavuni mwa cherehani, akasoma mwaka uliochongwa juu yake. "Mwaka huu baba alikuwa hajaoa hata," alisema. "Hii ni yake, ilibaki kazini kwake reli, dada aliifuata tu. Basi ni yetu sote, tuiuze tugawane."

Wakesho alitoka jikoni, mikono yake imelowa maji. "Mjomba, mama alisema aliinunua mwenyewe."

"Mama yako alisema mengi," Mwadime akamjibu.

Neno hilo lilinichoma kuliko habari ya kuuza. Wewe ulikuwa kaburini, hujamaliza mwezi, na tayari kauli yako inatupwa uani kama maganda. Nikasimama, nikasema kwamba hakuna atakayekiuza wala kukihamisha mpaka tujue umri wake. Kikiwa cha baba, kitauzwa na kugawanywa. Ikiwa kimeundwa baba akiwa amekwisha kufa, hakuna atakayekigusa. Wote wakakubali. Wakesho pia alikubali, lakini alijifuta mikono kwa muda mrefu, ilhali ilikuwa imekwisha kukauka.

Nilipoketi ndipo hofu iliponishika. Nilikuwa nimekuweka kwenye mizani wewe usiyeweza kujitetea. Je, kama maneno yale ya kisu yalikuwa mzaha wa dada kwa mdogo wake?

Tuliteremka Voi sisi watatu, mimi na Wakesho, na Mwadime amekipakata cherehani kwa leso yako. Tulikwenda kwa Bi. Zuhura, ambaye watu wake walitoka pwani zamani wakakaa Voi, naye ana duka la kuuza na kutengeneza vyerehani. Alipoisikia habari ya zebaki alicheka mpaka akashika meza.

"Kaka yangu, kilichomo humu ni mafuta na vumbi la nyuzi. Hebu sogeza hiyo simu yako hapa."

Mwadime akaisogeza.

"Vijiti vingapi?"

"Vinne."

"Sogeza zaidi, usikionee haya."

"Bado vinne."

"Basi zebaki yako imeshuka njiani, Mwatate," alisema, akaivua miwani kujifuta machozi.

Kuhusu lile bamba alisema kwamba mwaka ule ni wa kuanza kuundwa kwa aina hiyo yote ya mashine. Umri wa kila moja husomwa kwenye nambari yake. Alikilaza cherehani ubavu, akasugua kwa mafuta ya taa mahali palipokuwa na utando wa miaka yote. Nambari ilikuwapo, lakini hafifu. Akanipa chaki ya kukatia nguo. Mimi niliyeshika chaki maisha yangu yote niliishika kama mwanafunzi. Nilisugua, nikapuliza, na herufi na tarakimu zikajitokeza nyeupe.

Bi. Zuhura aliitafuta nambari hiyo kwenye simu yake, katika kumbukumbu ambazo waliokiunda wameziweka wazi kwa kila mtu.

"Baba yenu alifariki mwaka gani?" akauliza.

Nikamwambia. Alinitazama mimi, kisha Mwadime, kisha Wakesho.

"Basi baba yenu hakukiona cherehani hiki. Kimeundwa miaka minne baada ya kifo chake."

Wakati huo ulikuwa umekwisha kuingia mkongeni. Ulikikata kwa kisu kweli, mkato kwa mkato, na mimi nilihitaji chaki kuliamini neno ulilonionyesha viganjani.

Mwadime akauliza kwa sauti ya chini, "Na bei?"

"Kwa anayetaka kushona, bei ya mbuzi jike mmoja. Akiwa na mimba, nimekupendelea. Viko vingi kama hiki. Vilikuwa imara, ndiyo maana havikufa."

Sijapata kufurahi hivyo kwa kuambiwa kwamba kitu chetu ni rahisi. Kingekuwa na bei ya shamba, ukweli wako usingemlinda Wakesho. Wangekuja wengine na madai mengine, na mwisho wangekuja wa kuvunja mlango. Kwa bei ya mbuzi, Wakesho atalala, na mlango wake utakuwa mzima.

Mwadime alikibeba mwenyewe begani kupanda hadi nyumbani, akakataa kupokewa. Alikiweka mezani mbele ya Wakesho, akasema, "Mama yako alisema kweli." Wakesho alitia uzi sindanoni, akasema, "Lete hiyo suruali, mjomba. Imefumuka nyuma tangu siku ya mazishi, na watu wanaogopa kukwambia." Ndugu yetu alisubiri nyuma ya mlango amejifunga leso yako, akiishika simu yake juu.

"Netiweki imekwenda tena," alisema.

"Ni kilima, mjomba," Wakesho akajibu, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Nilimwomba asiifute ile chaki, nambari ibaki ikisomeka. Aliifuta palepale, akaniambia inachafua kitambaa cha watu. Hapo nilikusikia wewe.

Pumzika, dada. Neno lako limesimama, na kazi inaendelea.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemwachia kitambaa kiunoni.