Dakika ya Hamsini na Moja

Jumatatu, 3 Juni

Baridi kali. Nimefungua kibanda saa mbili na nusu nikiwa na makoti mawili. Mteja wa kwanza: muvi za mapigano, zilizotafsiriwa. Wa pili: tamthilia za sizoni, zilizotafsiriwa. Wa tatu akasema nimchagulie nzuri. Nikajisahau nikamwekea moja ya zile zangu kwenye flashi yake. Saa nane alirudi akilalamika. Kaka, flashi imeharibika, picha haina rangi na watu hawaongei.

Haikuharibika. Ndivyo ilivyo.

Ninazo kumi na moja za namna hiyo, kwenye folda niliyoiita ZANGU. Miaka tisa ninauza muvi mjini Sumbawanga na hakuna aliyewahi kuomba hata moja mara ya pili. Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mama anayeishi peke yake mlimani, nchi gani sijui. Anateka maji. Anakoka moto. Mwishoni anatembea barabarani dakika kumi na moja, basi. Dada yangu Leokadia anasema anayependa kutazama mtu akiteka maji aende bombani mtaa wa Izia, ni bure. Jibu lake nimelitafuta miaka tisa.

Alhamisi, 6 Juni

Edita alikuja kutoka Matai kwa shughuli za ofisi. Tulikula chipsi pamoja. Kwao wanajua kwamba Jumapili mshenga wangu, Mzee Deusi, atapeleka barua ya posa. Barua imeshaandikwa. Iko kabatini, ndani ya bahasha ya kaki, na Mzee Deusi ataichukua kwangu baada ya misa.

Nimefanya jambo. Nimempa Edita ile filamu ya mama wa mlimani. Nikamwambia aitazame kabla ya Jumapili. Nilijiambia si mtihani. Ni mtihani.

Umeme ulikatika wakati namwekea. Ulivyorudi gari la Matai lilikuwa linapiga honi. Nikaangalia, jina la filamu lipo kwenye flashi, nikamkabidhi. Alicheka, akauliza kama kuna mapigano. Nikasema hamna. Akasema hata kofi moja?

Ninampenda. Sasa kwa nini nimempa mtihani, sijui.

Jumamosi, 8 Juni

Amepiga saa nne asubuhi. Ameitazama yote. Ameipenda. Nilikaa chini kwenye kreti la soda kwa furaha.

Halafu akasema kilichomliza ni ule mwisho. Mama amesimama mlangoni na ndoo, haingii, hatoki, na imeishia hapo.

Haiishii hapo. Pale ni katikati. Bado dakika arobaini nzima. Mama anaingia ndani, kuna msiba, anauza mbuzi, ndipo inakuja barabara. Nikamuuliza, na barabara je? Akasema barabara gani.

Nikamwambia mteja amefika. Hakukuwa na mteja.

Alilala. Alitazama kidogo, akalala, akanitungia mwisho. Wengine wote waliniambia wazi kwamba filamu zangu ni uchafu. Huyu amenidanganya kwa sauti nzuri.

Jumapili, 9 Juni

Mzee Deusi alinisubiri nje ya kanisa, amevaa ile suti yake ya ubatizo na vipaimara. Nikamwamkia. Akauliza bahasha iko wapi. Nikasema tusogeze mbele kidogo. Akauliza kama binti ana kasoro. Nikasema nina mafua. Mafua na barua vinahusianaje, mwanangu? Akaenda zake na suti yake.

Dada Leokadia alifika kwangu kabla hata sijala. Nikamweleza. Akasema, "Livini, umemnyima mtoto wa watu posa kwa sababu ya sinema?"

Ukiisema hivyo inaonekana wazimu. Mimi sikuiona hivyo. Au ndivyo ilivyo? Mtu anaweza kudanganya katika dogo na kuwa mkweli katika kubwa. Pia huenda asiweze. Kichwa kinauma.

Jumanne, 11 Juni

Meseji kutoka kwa Edita, ya kwanza tangu Jumamosi. Nainakili hapa kama ilivyo:

"Juzi walichinja kuku wawili. Wajomba walitoka Milepa tangu Jumamosi. Tumekaa mpaka saa kumi jioni. Kama umebadili mawazo ungesema tu."

Nimeisoma mara nyingi. Sikuwafikiria wajomba. Sikumfikiria mtu yeyote ila mimi na mama wa mlimani.

Sijajibu. Nikiandika samahani nitakuwa nimekubali kosa, na aliyedanganya ni yeye. Si ndiyo? Lakini kuna kitu kinanisumbua. Kwenye simu alisema mama anahamisha ndoo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na kwamba ndoo imebonyea ubavuni. Ni kweli. Ni jambo la sekunde mbili. Aliyelala angelionaje?

Alhamisi, 13 Juni

Mama Jeni wa Izia ameingia kibandani amefura. Ile muvi niliyomwekea Alhamisi iliyopita, jambazi ameinua bunduki, picha ikaganda. Wiki nzima hajui kama amepiga au hajapiga. Nikamwomba radhi, nikaanza kumwekea upya. Nikauliza, mazungumzo tu, ilikuwa saa ngapi. Akasema, wewe si unakumbuka, saa ile umeme ulipokatika, na yule dada wa Matai alikuwa amekaa hapo.

Nikaiacha flashi yake mezani.

Jina la filamu huonekana kwenye flashi hata kama imeingia nusu. Ninalijua hilo. Ninawafundisha watu hilo. Siku zote naifungua na kuruka mpaka mwisho kabla sijamkabidhi mteja. Kwa Mama Jeni sikufanya, na kwa Edita sikufanya.

Edita hakulala. Alitazama kila kilichokuwemo, mpaka picha ya mwisho niliyompa. Filamu zangu ndivyo zilivyo: ikikatikia kwenye bunduki mtu anarudi kudai, ikikatikia kwenye ndoo anadhani imekwisha. Na analia.

Mama Jeni akauliza kama naumwa. Nikasema mafua.

Ijumaa, 14 Juni

Sikufungua kibanda. Niliitazama asubuhi nikiwa nyumbani. Ilipofika dakika ya hamsini na moja, mama mlangoni, ndoo mkono wa kushoto, nikaizima. Nikakaa. Nje upepo unavuta mabati.

Ni mwisho. Kweli ni mwisho. Haingii, hatoki, na wewe unabaki naye. Miaka tisa nimeipenda filamu hii kwa ajili ya ile barabara, na sasa sijui kama barabara inahitajika. Labda aliyeitengeneza aliongeza dakika arobaini kwa woga.

Nimeandika meseji kumi, nimefuta kumi. Ninaona aibu. Ninaona aibu sana. Mambo haya hayasemwi kwa simu.

Jumapili, 16 Juni

Nimetoka Matai.

Mzee Deusi alikubali twende pamoja kwa sharti kwamba nisikanyage uani kwa kina Edita, muoaji haisindikizi barua yake mwenyewe. Akaingia na bahasha. Mimi nikabaki kwa jirani, mwenye mashine ya kusaga, nikiwa mweupe kwa unga.

Edita alikuja kunitazama. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: mtihani, umeme, jina la filamu, yale niliyoyafikiri. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kwa hiyo uliniona mwongo."

Nikasema ndiyo.

"Jumamosi mpaka Alhamisi. Na hukuniuliza."

Halafu akarudi kwao. Nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza, yako ilikatikia wapi, na nililikalia siku zote hizo.

Njiani Mzee Deusi alisema barua wameipokea, watajibu. Walimpa ugali wa ulezi na samaki, migebuka. Hakukuwa na kuku. Alisema hilo mara mbili, sijui kama ni la kunichoma au alikuwa na hamu.

Jumatano, 19 Juni

Kimya. Nimefanya kazi. Kila flashi nimeifungua mpaka mwisho, hata ya mtu aliyekuwa na haraka akanitukana.

Jumapili, 23 Juni

Edita amekuja. Sikumtarajia. Saa nane mchana, amejitanda kitenge juu ya sweta, akakaa kwenye benchi la kibandani na kusema nimwekee iliyobaki.

Nikaanzia pale mlangoni. Mama akaingia ndani. Edita akasema, kumbe aliingia, kama mtu aliyepewa habari za jamaa yake. Msiba aliutazama bila neno. Mbuzi alipouzwa akasema wamemdhulumu. Kisha barabara. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya nne nikageuka, amelala, kichwa kwenye nguzo, mdomo wazi.

Nikapunguza sauti. Nikatazama peke yangu zile saba zilizobaki, zaidi nikimtazama yeye. Sikukasirika. Nilijitafuta kama nimekasirika, sikuona.

Alipoamka akauliza mama amefika wapi. Nikasema filamu haisemi. Nikamuuliza kama ameipenda.

"Hapana. Yangu ilikuwa nzuri."

Nilifurahi. Kwa nini nilifurahi, sielewi. Mtu wa kumi na ngapi sijui kuichukia, na huyu ndiye niliyetaka aipende, nami nafurahi.

Anasema mjomba wake mkubwa ataleta majibu Jumapili ijayo, saa sita, nimwambie dada Leokadia apike. Na kwamba wao wakisema siku, huja.

Kabla hajaondoka nilinyoosha mkono anipe flashi yenye ile nusu nimwekee filamu nzima. Akaifumba kiganjani, akaingiza mkono ndani ya kitenge. Hii niache nayo, alisema.

Nikamsindikiza stendi, nikarudi kufunga. Umeme haukukatika leo hata mara moja.