Ng'ombe Asiye na Mkia

Jumatatu, 1 Machi 1954
Zahanati tena. Mvua, matope, na mimi nimembeba Petro mgongoni kama mama mzazi. Wasichana wa Kilolo wamecheka. Wacheke, watanitafuta. Petro ni mtoto wa dada yangu Agnesi. Aliachishwa ziwa mapema, akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Tangu apewe maziwa ya unga, miguu inapungua. Jana kanipiga kofi. Nimefurahi.

Kina mama wamenipa kopo la maziwa hayo niwasomee. Kiingereza kitupu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, la tano likaniogopa. Nikasoma: "Huyu ni ng'ombe asiye na mkia, katoka ng'ambo, msimpige." Wawili wameamini.

Alhamisi, 4 Machi
Bwana dresa, yule mtoa dawa wa zahanati, katangaza kwamba maziwa yamekwisha. Nchi tajiri zinazoyaleta zimesema zimetoa ya kutosha, sasa zinaangalia kwao. Mama mmoja kauliza kama tumewakosea heshima. Dresa kasema hapana, na kwao maziwa yamejaa.

Nina hasira mpaka sasa. Wangekuwa hawajaanza, ningenyamaza. Lakini mtoto ameshika kikombe, halafu unakivuta?

Ijumaa, 5 Machi
Petro kala ugali na majani ya maboga. Katapika.

Jumapili, 7 Machi
Baada ya misa nimekwenda kwa mjomba Kihwele. Zizi kubwa, moyo mdogo. Alikuwa na wazee wenzake, wanakunywa ulanzi, pombe ya mianzi.

"Kamwene, mjomba." Nikamwamkia hivyo, nikakaa chini, mpole kama kondoo.

Desturi yetu ni hii. Mwenye zizi humwachia asiye nacho ng'ombe mmoja amtunze. Ndama ni wa mwenyewe, maziwa ni ya mtunzaji. Na hamchukui wakati mtoto wa nyumba ile bado anakunywa. Nikawaambia kuna tajiri mmoja wa mbali kamchukua ng'ombe wake, na mtoto bado anakunywa.

Mjomba akatema mate. "Huyo si mtu."

"Ni wale wa maziwa ya unga, mjomba. Mtoto ni wa Agnesi. Na zizi ninaloliona hapa ni lako."

Wazee wamecheka mpaka mmoja kamwaga ulanzi. Mjomba kaniangalia sana. "Ujanja huu umesomea wapi, mpwa wangu?"

"Darasa la nne."

Nimerudi na ng'ombe mwekundu. Mkia anao.

Jumatano, 10 Machi
Kibuyu kidogo kila asubuhi. Kinamtosha Petro. Nimejisifu kila mlango, na hilo lilikuwa kosa. Leo wamekuja kina mama wanne na vikombe. Nimewaambia kesho, kama karani.

Nimefikiri. Mjomba mmoja, mtoto mmoja. Kwa foleni ile ya zahanati wanatakiwa wajomba wenye zizi la nchi nzima. Wapo, huko ng'ambo, na zizi limejaa. Wao ndio walioanza, waendelee mpaka watoto wasimame. Hata mjomba Kihwele, bahili yule, kaelewa akiwa amelewa.

Jumamosi, 13 Machi
Mama Yohana, mmoja wa wale wanne, alikuwa mlangoni kabla sijakamua. Yohana mgongoni, miguu imevimba. Hakuomba. Alisimama tu na kopo lile nililowasomea.

Agnesi kammiminia nusu.

Petro kamaliza yake, kageuza kikombe, kaniangalia.

Nimerudi kwa ng'ombe, nimechuchumaa, nimekamua tena. Hakuna kitu. Kageuza shingo, kaniangalia na yeye. Sikumpiga.