Miaka Miwili ya Taa

Palma, Jumatatu 5 Machi 2012
Redio mbili, simu tatu, na pasi moja niliyoiua kabisa katika kuiponya. Nimemaliza taa ya mdogo wangu Sufiani, ya kufunga kwenye boya la wavu wake. Ndani nimetia chipu ndogo kuliko ukucha. Inalala, inaamka, inawasha taa mara moja, inalala tena. Kama mimi baada ya ugali. Betri haili. Nimejisifu mbele ya mkewe, Zainabu: "Shemeji, hii itawaka miaka miwili!"
Sufiani kacheka. "Bwana fundi, senhor tekiniku, redio uliyonitengenezea haikufika Ijumaa."

Alhamisi 8 Machi
Sufiani katoka peke yake jana alfajiri. Hajarudi. Akichelewa hulala kisiwani. Sina wasiwasi.
Uongo. Ninao.

Jumamosi 10 Machi
Wavuvi wameikuta ngalawa yake nje ya visiwa, imepinduka, ubavu umepasuka. Yeye hayupo. Wavu haupo, boya halipo. Nimeshika koleo kutwa nzima. Sikufungua kitu.

Jumatano 14 Machi
Tumesoma hitima. Zainabu kakataa kukaa eda. Kamwambia sheikh pale pale: "Fundi mwenyewe kasema miaka miwili. Taa ya mume wangu inawaka, mimi nikae eda ya nani?"
Wote wakanigeukia. Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Woga. Na tamaa pia. Nilitaka awe kasema kweli.

Jumatano 21 Machi
Zainabu hashindi nyumbani. Anakaa ufukweni mpaka giza liingie, na taa anaiona. Ataachaje kuiona? Tangu meli za gesi zije, bahari ina taa kuliko Palma nzima. Leo kanivuta mkono mbele za watu. "Ile pale, shemeji. Inalala, inaamka. Siyo?"
Nikasema labda. Mjinga mimi. Zainabu hali chakula, amebaki mifupa. Mama yake kanambia, "Wewe ndiye uliyemfunga. Mfungue."

Ijumaa 23 Machi
Baada ya sala nimekwenda kwa Zainabu. Maneno niliyoyapanga yote yakanikimbia. Nikamwambia chipu haijui kitu. Mtu awepo, asiwepo, yenyewe itawaka tu, hata kwa samaki. Na ile miaka miwili niliitoa kichwani mwangu, kujitapa.
"Kwa hiyo hujui?"
"Sijui."
"Na moyo wako unasemaje?"
"Amekufa, shemeji."
Kanichapa kwa ncha ya kanga, mara tatu. Kisha tukalia. Mimi kwa sauti kubwa kuliko yeye. Ilibidi yeye ndiye aninyamazishe.

Alhamisi 29 Machi
Zainabu yuko ndani, anakaa eda tangu Jumamosi. Maji namchotea mimi. Wanawake kisimani wananicheka, eti nateremsha ndoo kama natupa nanga. Nimeiweka mlangoni, nikabisha, nikasogea pembeni. Mkono ukatoka, ukaivuta ndani.
Ilikuwa nusu. Nusu nyingine nimeimwaga njiani.
Nimerudi kisimani.