Shingo ya Kulungu na Chungu cha Bibi Velora

Velora Crandlemire
Ridge Road, Maine

Mwaka umetimia, Bibi, tangu asubuhi ile ya Desemba ulipotuacha.

Ulikuwa mpole, lakini si kwa waliotaka kuchovya kidole chunguni. Kila Novemba, kulungu wa kwanza akishaangikwa bandani, wewe uliomba shingo tu. Wengine wakachukue mapaja. Uliichemsha shingo hadi nyama ikaachana na mfupa, ukaisaga pamoja na matufaha na mafuta ya figo ya ng'ombe, ukatia zabibu kavu, mdalasini, karafuu, kungumanga na siki ya matufaha, ukaihifadhi kwenye chupa iwe ya kujazia pai. Nyumba nzima ilinukia siku tatu. Kila mgonjwa wa barabara yetu alipata chupa yake, hata yule jirani uliyekosana naye kwa sababu ya ua wa mpakani.

Chupa zako za mwisho tulizimaliza siku ya mazishi.

Tangu siku hiyo Babu Merle hakukaa mezani. Alikula peke yake kwenye chumba cha kuni, sahani magotini, na tukimwita alisema ameshashiba. Mama alimbembeleza, Mjomba Lorne akamtania, haikusaidia. Tuliogopa, Bibi. Tuliona tunampoteza naye pole pole.

Ndiyo maana Novemba hii, Mjomba alipopata kulungu, tukaamua kupika chungu chako. Tulidhani harufu ile itamvuta mezani. Hukuacha maandishi yoyote, ila tulikuwa tumekutazama miaka mingi, tukajiona tunajua.

Babu alikuja kweli. Alisimama mlangoni na kofia yake kichwani.

"Onja, Baba," Mjomba akamwambia. "Hatukutia sumu."

Babu akatia kijiko mdomoni, akatafuta kwa ulimi. "Sumu ingeteleza," alisema.

Tukaonja sote. Kitu kilikuwa kimeganda kwenye kaakaa kama nta ya mshumaa, hata chai ya moto haikukiondoa. Mama alikaa chini akalia. Alisema umeondoka na mkono wako, na sisi tumeharibu nyama bure.

Babu aliuliza nani aliyeitoa mafuta ile shingo. Shingo ilipofika jikoni kwako ilikuwa nyekundu, safi, na hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza kwa nini.

"Mafuta ya kulungu hayaliwi," alisema. "Ndiyo maana mama yenu alitia ya ng'ombe. Ya kulungu niliyatoa mimi, bandani, kabla hamjaamka. Miaka hamsini na minne. Mlidhani alipika peke yake?"

Hatukujua, Bibi. Tulikusifu wewe mezani, naye akanyamaza akila, na wewe ukimwongezea kipande cha pai bila kuulizwa. Sasa tunaelewa kwamba alipokukosa alikosa pia kazi yake.

Siku hiyohiyo alivaa koti, akaenda mwenyewe kwa jirani wa ule ua kumwomba shingo ya kulungu wake. Hakuwa amebisha hodi kwa mtu mwaka mzima. Alirudi nayo begani, lakini hakwenda bandani. Aliiweka kwenye meza ya jikoni, akatuita tusogee, akatuonyesha namna ya kufuata utando mweupe kwa ncha ya kisu hadi kwenye mshipa wa mwisho. Mjomba alipoacha kipande kidogo, Babu alimwambia, "Hicho utakula wewe, mwanangu." Tulicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka jikoni mwako bila wewe.

Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huo, alivua kofia, akakaa mezani. Alikula pai taratibu, akarudia. Mama akamuuliza ikoje.

"Kungumanga haitoshi," alisema. "Mwakani nitatia mimi."

Hilo neno "mwakani", Bibi, ndilo tulilotaka ulisikie.

Unakumbukwa na mumeo Merle, watoto wako Rhoda na Lorne, mkweo Eunice, wajukuu zako Delia, Amos na Corliss, na majirani wote waliopata chupa.

Siku zote za maisha yetu, Bibi, hatutakusahau.